Mungu wa Milima ni Mungu wa Bonde Pia



 Asante kwa maombi yenu. Tulikwenda salama na tumerudi salama.

Andiko: 1 Wafalme 20:23-30, Luka 6:17

Mwezi uliopita tulitumwa kuwatembelea wapendwa wanaoishi Muganza, wilaya ya Rusizi, upande ule ambao wengi wetu bado tunauita Cyangugu. Mnajua sisi wa Kiziba tunakaa juu. Tangu Desemba 1996 kambi yetu iko juu ya kilima hapa Karongi, na upepo wa usiku tunaujua. Kwenda Muganza ni kushuka, na kushuka tena, mpaka joto linakupokea kama mvuke wa chungu. Milima inabaki nyuma yako. Mbele ni uwanda wa Bugarama na mashamba ya mpunga, sehemu ya chini kuliko zote katika Rwanda, karibu mita 950 tu juu ya bahari. Ng'ambo ya mto Rusizi ni Kamanyola, Kongo yetu.

Jioni, baada ya ibada, mama mmoja alitufuata nje. Akasema, "Mchungaji, hapa siwezi kuomba. Kwetu nilikuwa napanda kilima alfajiri, naona nyumba zote chini yangu, naombea moja moja. Hapa bondeni maneno yangu hayapandi." Tulimshika mkono, tukaomba pamoja naye. Lakini jibu hatukuwa nalo. Tulirudi na mzigo huo, na leo tunaufungua mbele yenu.

1. Kilima ni zaidi ya udongo

Katika Kiswahili tunasema mlima ukiwa mkubwa, na kilima ukiwa mdogo. Katika Kinyarwanda neno ni moja, umusozi, ukiwa mrefu au mfupi. Ukiwa mdogo sana ndipo tunasema agasozi. Na kwa ndugu zetu Warundi, mtu akikuuliza umetoka mlima gani, haulizi urefu. Anauliza wewe ni mtoto wa nani, majirani zako ni nani, wazee wako wamezikwa wapi. Ndiyo maana aliyepoteza kilima chake anajisikia kama mtu aliyepoteza jina.

Waebrania nao walikuwa hivyo. Katika chuo cha Biblia tulifundishwa kwamba neno lao har linabeba mlima mkubwa na pia nchi yote ya vilima, kama umusozi wetu. Kilima peke yake waliita giva, na humo tunapata Gibea, mji wa Sauli. Rama maana yake ni mahali palipoinuka. Watu wa Mungu waliita miji yao kwa majina ya vilima. Hata Samaria ilikuwa kilima kwanza. Mfalme Omri alikinunua kwa Shemeri kwa talanta mbili za fedha (1 Wafalme 16:24). Basi huyo mama asionekane mjinga. Kulilia kilima si dhambi.

2. Kosa la Washami

Washami walipigana na Israeli karibu na Samaria, wakashindwa. Watumishi wa Ben-hadadi wakatafuta sababu. Wakamwambia mfalme kwamba Mungu wa Israeli ni wa milima, kwa hiyo wapigane kwenye nchi tambarare, huko hatakuwa na nguvu. Mwaka uliofuata wakaja Afeki, wakaijaza nchi. Israeli mbele yao walikuwa kama vikundi viwili vidogo vya mbuzi. Ndipo mtu wa Mungu akaleta neno: kwa sababu Washami wamesema Bwana ni wa milima wala si wa mabonde, Bwana atautia mkutano huo wote mkononi mwa Israeli. Ikawa hivyo.

Angalieni, Mungu hakumpa Ahabu ushindi kwa sababu ya wema wake. Ahabu hakuwa na wema wa kutosha. Mungu alitetea jina lake, asije akafungwa kwenye kilima kimoja.

3. Kosa letu sisi

Wapendwa, Washami walikuwa wapagani, lakini mawazo yao yako hata kanisani. Tuliotoka nyanda za juu za Itombwe tumewahi kusema moyoni kwamba Mungu ni wetu sisi wa juu. Waliotoka Uwanda wa Ruzizi wamesema vilevile huko chini. Damu nyingi imemwagika kati ya mlima na bonde, na kila upande uliomba kabla ya kwenda. Tunasema hili kwa machozi, na tunaanza na sisi wenyewe: tutubu.

Hapa kambini pia, mtoto akiulizwa ametoka mlima gani, asiulizwe ili apangwe upande. Aliyezaliwa Kiziba hajauona mlima huo. Mfundisheni jina lake, mito yake na makaburi yake, maana ni urithi. Lakini msimfundishe chuki ya bonde.

4. Yesu alishuka

Mathayo anasema Yesu alifundisha mlimani. Luka anasema alishuka na wanafunzi, akasimama mahali tambarare, na hapo ndipo wagonjwa walipomgusa. Hata Golgotha, ambayo nyimbo zetu huiita mlima, Injili zote nne zinasema tu mahali pa Fuvu la Kichwa. Hazitaji mlima hata mara moja. Wokovu haukungoja urefu wa udongo.

Muganza kuna kiwanda cha saruji, CIMERWA, kilichoanza mwaka 1984. Mawe ya chokaa yanavunjwa, yanasagwa, yanakuwa unga. Tukiwa pale tulimkumbuka Isaya 40:4, kila mlima na kilima kushushwa na kila bonde kuinuliwa. Mwamba uliokuwa umesimama juu leo ni sakafu ambayo mjane anapigia magoti. Bwana anaweza kufanya hivyo na maisha yaliyovunjika.

Basi kwa mama yetu wa Muganza, gazeti hili tutamtumia. Mama, maneno yako hayahitaji kupanda. Aliyekusikia kule juu alivuka Rusizi pamoja nawe. Funga macho hapo ulipo, katika joto, kati ya mpunga, uziombee zile nyumba moja moja, kwa majina. Sisi huku juu tutaitikia Amina.

Tuombe: Bwana, wewe uliyekuwa Mungu wetu kwenye vilima vyetu, uwe Mungu wetu hapa tulipo. Utupatanishe, wa juu na wa chini. Na siku ukipenda, uturudishe nyumbani. Amina.