Saa ya Kuazima

Je, mpiga picha amwazimaye mteja saa asiyokuwa nayo amesema uongo? Swali hili si dogo, maana picha hubaki baada ya mtu kuondoka, na wajukuu huiamini kuliko simulizi la wazee.

Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948 mjini Bamako, katika nchi iitwayo leo Mali. Humo aliweka suti, tai, kalamu, saa, redio, hata pikipiki ya Vespa, na wateja waliviazima. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Alipenda nuru ya jua kuliko taa, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mtu picha moja tu. Basi ilimpasa kutazama sana kabla ya kufyatua. Nuru itokayo upande mmoja huchimbua kila kunyanzi na kovu; itokayo mbele huyafunika. Achaguaye mojawapo amekwisha kuuhukumu uso wa mwenziwe.

Kwa hiyo saa naiona jambo jepesi. Hueleza mtu alitamani nini, na tamaa yake ilikuwa ya kweli. Ninaloliogopa ni kovu lililofichwa bila idhini ya mwenye uso.

Mama yangu alikuwa na kovu la moto shavuni. Utotoni nililishika mpaka nikalala. Katika picha pekee tuliyorithi halimo, wala hakubaki wa kuniambia kama aliomba mwenyewe.