Furaha ya kwenye lebo

Inasimuliwa katika hadithi kwamba Mtume Muhammad, akipita sokoni, alitia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa: mbona basi zilizolowa hukuziweka juu, watu wazione?

Kipimo hicho kinatosha kwa maharagwe ya soko la Kadutu, Bukavu. Kwa bia kinapwaya. Tangazo la Primus, bia ya kampuni ya Bralima ya Kongo, haliuzi shayiri. Linauza furaha na ujirani, na humo hakuna wa kutia mkono.

Bralima, iliyoanzishwa 1923 na kushikwa na Heineken ya Uholanzi tangu 1987, ililijua hilo vizuri. Bendi ya Wenge Musica ilipovunjika mwaka 1997, mwanamuziki wake Werrason akaja kuwa sauti ya Primus, naye mwenzake JB Mpiana akaipigia debe Skol, bia ya kampuni shindani ya Bracongo. Mashabiki wa bendi wakawa mashabiki wa chupa. Msingi ulikuwepo tayari: libanga, yaani kutajwa jina ndani ya wimbo kwa malipo. Anayelipa anajua sifa hiyo kainunua, wasikilizaji nao wanajua, na bado anatabasamu akijisikia. Ndiyo maana wanaoyaita matangazo uongo mtupu wanarahisisha mno.

Bukavu kuna mshindani asiye na bango: kasiksi, pombe ya ndizi ya jamii ya Bashi. Dhamana yake ni mkono wa aliyeipika, na kwa desturi ya Maziwa Makuu mwenyeji huonja kwanza ndipo mgeni anywe. Chupa ya kiwandani ina kizibo badala ya mwenyeji; katika mji unaoogopa karuho, ile sumu inayonong'onwa mitaani, mnywaji hutaka kifunguliwe mbele ya macho yake. Kizibo kinathibitisha kilichomo ndani. Hakisemi lolote juu ya aliyekifunga.

Waraka wa Vatikani wa 1997 kuhusu maadili ya matangazo unadai ukweli, heshima ya utu na wajibu kwa jamii. Wahubiri hukazania la kwanza, kwa sababu uongo ni rahisi kuukemea. Bukavu lililouma ni la tatu. Wafanyakazi 168 wa zamani wa Bralima, walioachishwa kazi enzi za uasi wa kundi la RCD, walipeleka malalamiko Uholanzi mwaka 2015; makubaliano na Heineken yakafikiwa Agosti 2017. Mnywaji wa Primus miaka ile hakuwa amedanganywa juu ya bia. Lakini ujirani uliouzwa kwenye lebo ulikuwa na deni kwa waliopakia kreti, na deni hilo halilipwi kwa bia nzuri.

Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu na kiwanda cha Bralima kikaporwa. Juni, Heineken ikatangaza kwamba imepoteza udhibiti wa vituo vyake vya Bukavu na Goma na kuwaondoa wafanyakazi wake. Yakizuka malalamiko mengine ya aina ile, barua itaandikwa kwa nani?