Hukumu ya Picha

Watu husema kwamba macho hayana pazia, na kwa neno hilo huyaondolea macho hatia: kitu kikiwa mbele yake hayana budi kukiona. Lakini nyuma ya macho kuna hukumu, nayo hukumu haina udhuru huo. Nataka tuitazame picha moja, kisha tuulize kama ni haki kuupima moyo wa mtu kwa sura aliyokutwa nayo katika picha.

Picha hiyo ilipigwa tarehe 11 Septemba, 2001, siku ambayo magaidi waliziteka ndege nne za abiria katika Marekani, na mbili kati yake wakazigongesha katika majengo mawili yaliyokuwa marefu kuliko yote mjini New York. Watu karibu 3,000 walikufa siku ile. Mpiga picha alikuwa Thomas Hoepker, Mjerumani, mmoja wa wanachama wa Magnum, jumuiya ya wapiga picha yenye sifa duniani. Alikuwa akipita kwa motokaa katika mitaa ya Queens na Brooklyn, akitafuta mahali pa kuuona msiba kutoka ng'ambo ya mto. Alipofika ukingoni aliona jambo lililomshangaza. Akashuka, akapiga picha tatu, akarudi motokaani, akaenda zake. Hakusema na mtu.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Vijana watano, wanaume kwa wanawake, wameketi juani ukingoni mwa mto, kama watu walio katika mazungumzo. Kando yao iko baiskeli. Miti imesimama kimya, mbingu ni ya buluu isiyo na doa. Na nyuma yao, ng'ambo ya maji, moshi mzito unapanda kutoka mahali ambapo maelfu ya watu wamekwisha kufa.

Msomaji akiipata picha hiyo, na afanye jaribio dogo. Auzibe moshi kwa kiganja: ataona vijana wanaopumzika, picha ya kawaida ambayo hakuna gazeti lingeinunua. Kisha awazibe vijana, auache moshi: ataona picha ya msiba, mfano wa picha nyingi zilizopigwa siku ile. Sasa aondoe mkono. Mara hasira inapanda, nami nakiri kwamba ilinipanda mimi pia. Hasira hiyo imetoka wapi? Haikuwa kwa vijana peke yao, wala kwa moshi peke yake. Imezaliwa katika mpango wa picha: walio karibu wamewekwa mbele, wakubwa, katika nuru, walio katika mauti wamewekwa mbali, hawaonekani, wamekuwa moshi tu. Jicho huanza kwa vijana, huvuka mto mpaka kwenye moshi, kisha huwarudia vijana likiwa limekwisha kuwa hakimu.

Hoepker mwenyewe aliiogopa picha yake. Katika kitabu ambacho jumuiya yake ilikitoa mwaka ule ule wa 2001 juu ya msiba huo, picha hii haikuwamo. Aliona kwamba ingeamsha hisia zisizofaa. Mwaka 2006 ilitokea katika kitabu cha David Friend, na humo Hoepker akasema maneno yaliyoonyesha kwamba, kwa macho yake, vijana wale hawakuguswa. Mwezi wa Septemba mwaka huo Frank Rich, mwandishi wa gazeti la The New York Times, akaifanya picha kuwa kioo cha taifa zima, taifa lisilokawia kusahau na kuendelea na mambo yake.

Kisha picha ikajibu. Mmoja wa wale watano aliandika kwamba siku ile walikuwa wamepigwa na bumbuazi, hawayaamini macho yao, na kwamba walichokuwa wakikizungumza kwa bidii ni msiba ule ule. Lau mpiga picha angalipiga hatua chache akawauliza, angaliyajua hayo. Akaongeza kwamba picha ya ghafula yaweza kuwafanya waombolezaji mazishini waonekane kama watu walio karamuni.

Neno hilo halitamshangaza mtu aliyelala matangani. Nani kati yetu hajaona watu wakicheza karata uani, na mtani wa marehemu akiwachekesha wafiwa mpaka wakashika mbavu? Piga picha wakati huo, uipeleke katika nchi isiyojua desturi zetu, nao watasema kwamba watu hawa walifurahia kifo cha ndugu yao. Hata hivyo, mle ndani mjane hajala siku mbili.

Siku ile ile ya New York, Richard Drew wa shirika la Associated Press alimpiga picha mtu aliyekuwa akianguka kutoka juu ya jengo mojawapo. Kichwa kiko chini, mwili umenyooka, goti moja limekunjwa kidogo, na nyuma yake nguzo za jengo zimeshuka zikiwa zimenyooka kama yeye. Mtu huyo anaonekana ametulia kabisa. Lakini Drew alipiga picha kumi na mbili za anguko lile, na katika nyingine mtu yule anapinduka na kutapatapa hewani. Utulivu tunaouona ulikuwa wa nukta moja ya wakati na wa mistari ya jengo. Yeye hakuwa nao.

Je, tuseme basi kwamba picha ni mwongo? Mimi sisemi hivyo. Vijana wale waliketi kweli, na jua liliwaka kweli, na ni jambo la kutisha kwamba siku ya namna hiyo yaweza kuwa nzuri. Picha ina haki ya kutuambia hayo. Iliyobaki, yaani kwamba hawakujali, sisi ndio tuliyoiongeza, na aliyetangulia kuiongeza ni mpiga picha mwenyewe. Sioni kosa katika kuipiga, wala katika kuificha; kosa naliona katika kuzisemea nyoyo ambazo hakuziuliza. Kwa haki yake niseme pia kwamba baadaye alijiuliza hadharani kama picha yake haikuwa udanganyifu wa nukta moja, iliyoziacha nukta za kabla na za baada yake.

Kundi lililoupiga mji wa New York lilikuwa limekwisha kutupiga sisi. Tarehe 7 Agosti, 1998, bomu liliripuka penye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, likaua watu zaidi ya 200 na kujeruhi maelfu. Wengi walipoteza macho yao, na sababu yake ni hii: kabla ya mripuko mkubwa ulisikika mshindo mdogo, na watu waliokuwa maofisini wakaenda madirishani kutazama. Vioo vikawakuta hapo. Kati ya mshindo wa kwanza na wa pili zilipita nukta chache tu. Mtu aliyesimama barabarani na kamera yake angaliweza kupiga picha wakati huo: safu juu ya safu za madirisha, na katika kila dirisha makarani wameegemea, wameacha kalamu zao, wananyosha shingo kama watu wanaotazama gwaride.