Watakaozaliwa Njiani

Nilitaka kuandika hadithi ya binti anayevua samaki kwenye sayari ya Proxima Centauri b. Nilikuwa nimeshampa jina, Mwanaisha, na jua jekundu lisilotua. Sikubuni sana. Sayari hiyo ilitangazwa mwaka 2016 na wanaastronomia waliotumia darubini iliyoko La Silla, Chile. Si kwamba waliiona. Waliona nyota yake ikiyumba kidogo, ikisogea na kurudi kila baada ya siku 11 na ushei, wakajua kuna kitu kinaizunguka na kuivuta. Huo ndio mwaka wa Mwanaisha: siku 11. Tena huenda upande mmoja wa sayari huielekea nyota daima, kama Mwezi unavyotuonyesha uso uleule, kwa hiyo nilimweka kwenye ukanda wa mpakani, ambako ni magharibi siku zote, jangwa upande huu na barafu upande ule. Bahari nilimpa bure. Nyota ile ina hasira, na mionzi yake huenda haikubakiza hata hewa.

Shida ilianza nilipotaka kumfikisha. Miaka ya nuru 4.2 inasikika kama mtaa wa pili. Lakini Voyager 1, iliyorushwa 1977, ingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kwa mwendo wake. Nikajikopesha chombo ambacho hakipo, chenye kasi ya moja ya mia ya nuru. Miaka 424. Vizazi 17 hivi.

Yaani ili Mwanaisha avue samaki, lazima vizazi 15 vizaliwe na kuzikwa (kuzikwa wapi?) ndani ya bati. Niliandika tukio moja la mwaka wa 200 wa safari. Mtoto anauliza: “Babu, nani alitupandisha humu?” Babu naye kazaliwa humo humo. Siku tatu sikupata jibu la kumpa.

Rafiki yangu alicheka. Hakuna aliyeombwa ruhusa kabla ya kuzaliwa, alisema. Kwani wewe ulichagua Tandale? Kweli, sikuchagua. Ila nilipanda daladala nikaondoka. Mjukuu wa mhamiaji anaweza kurudi kwao, au kwenda kwingine, au kumlaumu babu yake akiwa mji wa mbali. Mtoto wa chomboni amepangiwa hata uzazi: asipozaa, safari inakufa. Tumbo lake ni sehemu ya injini. Kumzaa mtu katika dunia ngumu ni jambo moja. Kumzaa ili awe daraja ni jingine, na sioni nani ana haki hiyo.

Wapo wanaosema Dunia ikiharibika hatutakuwa na hiari. Labda. Lakini wasemao hivyo hujihesabu kati ya waliopanda au waliofika. Sijamsikia aliyejiweka mwaka wa 200.

Jioni za Mei, hapa Dar es Salaam, Alpha Centauri huonekana vizuri upande wa kusini. Proxima iko jirani yake, hafifu mno kwa macho yetu. Mwanaisha nimemfuta. Babu nimembakiza, na bado hajajibu.