Nani Alichota Maji?

Katika kazi yangu na vijana hapa Nakivale naingia nyumba nyingi. Mzazi akiniambia watoto wanasomea nyumbani, kwa sababu karo imekosekana au shule iko mbali, huwa naletewa madaftari niyaone. Nayatazama. Halafu nauliza: leo nani alichota maji? Wengine wanacheka, wanadhani nina kiu. Leo nataka kueleza swali hilo linatoka wapi. Ndani yake kuna lingine ambalo linanisumbua zaidi: mtu anaweza kufanya jambo zuri, na wakati uleule akamdhulumu mtu wa nyumba yake?

Machi 2020 shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona. Oktoba waliitwa watahiniwa, madarasa mengine yakafuata kidogo kidogo, na Juni 2021 zikafungwa tena. Ni Januari 2022 ndipo zilipofunguliwa kwa wote. Karibu miaka miwili, ndugu zangu.

Mimi nilikuwa na miaka 19, nimemaliza S4. Nyumbani tulikuwa mama, mimi, dada yangu wa miaka 14 na wadogo watatu. Mama alisoma Uvira mpaka mwaka wa nne wa msingi, kwa Kifaransa. Kiingereza hakimo kwake. Basi kazi ya kufundisha ikawa yangu. Mlango wetu wa bati ukawa ubao, chaki niliomba kanisani. Saa tatu mpaka saa sita: kusoma, hesabu, Kiingereza. Watoto wa jirani wakaanza kusimama pembeni, nikawakaribisha. Watu wakaniita ticha. Sitadanganya, nililipenda hilo jina.

Dada yangu alikuwa P6. Yeye hakukaa kwenye mkeka. Aprili ile mgao wa chakula ulipunguzwa kwa asilimia 30, na mama akaanza kwenda leja-leja, kulima mashamba ya watu kwa malipo ya siku. Anatoka alfajiri, anarudi saa tisa. Maji yana foleni, kuni ziko mbali, maharage hayaivi haraka. Hakuna aliyeitisha kikao akasema, "Wewe hutasoma." Ilitokea tu. Alikuwa anapita nyuma yetu na bidoni kichwani, sisi tunasoma.

Siku moja niliuliza saba mara nane. Wadogo wakanyamaza. Jibu likatoka jikoni: hamsini na sita. Wote wakacheka. Mimi nikamwambia, "Usiwajibie." Jioni akaniuliza, "Yaya, na mimi nasoma saa ngapi?" (Kwetu yaya ni mkubwa wako, kaka au dada.) Nikamjibu, "Ukimaliza kazi."

Wote tunajua kazi ya nyumba haimaliziki.

Shule zilipofunguliwa, wadogo walirudi vizuri, mmoja akapandishwa darasa. Walimu wakanisifu. Dada yangu alikuwa na miaka 16, akawekwa na watoto wanaomfika begani. Alikwenda wiki mbili, akaacha. Leo anashona nguo. Ameniruhusu kuandika haya.

Nimewahi kumwuliza mama. Alisema, "Mngekula nini?" Na ana haki. Mama hangeweza kuwa shambani na jikoni kwa saa moja, na bila maji hakuna mtoto anayesoma. Simlaumu. Wengine wananiambia, wakati wa shida unaokoa unaoweza, watatu kati ya wanne si vibaya. Hata mimi niliwahi kusema hivyo. Lakini angalieni nani anapiga hiyo hesabu. Siku zote anayetoa si yule anayetolewa. Dada yangu hakuulizwa kama yeye ndiye abaki nje.

Nafikiri tunachanganya mambo mawili, dhiki na dhuluma. Dhiki ilitoka nje: ugonjwa, mgao kupungua, shule kufungwa. Hiyo sikuileta mimi. Lakini namna tulivyoigawa ile dhiki ndani ya nyumba yetu, hiyo ilikuwa mikononi mwetu. Ningeweza kwenda bombani saa kumi na mbili, kabla ya somo. Ningeweza kuwafundisha wadogo wa kiume kuosha sufuria. Sikufanya, na sababu naijua. Kijana wa miaka 19 kubeba bidoni kichwani katikati ya wasichana, wangenicheka. Miaka yote nilisema hatukuwa na namna. Namna ilikuwepo, ila ilikuwa na aibu ndani yake. Niliikwepa aibu ya wiki moja, dada yangu akalipa kwa masomo yake.

Wazazi, sisemi msifundishe nyumbani. Fundisheni, hata kwa mkaa ukutani. Lakini shule ya nyumbani nayo ina karo, hata kama hakuna risiti. Kama kuna ratiba ya masomo, basi pembeni yake iwepo ya kazi, na jina la mtoto mmoja lisijae huko. Nanyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, mkija kuhesabu watoto wanaosomea nyumbani, msiishie kwenye mkeka. Chungulieni jikoni.

Mwaka jana nilimwomba dada yangu msamaha. Alikuwa kwenye cherehani, hakusimamisha mguu. Akasema, "Yaya, wewe ulisoma mara mbili, shuleni na tena ukiwafundisha hawa. Mimi nilisoma kwa kupita." Kisha akaniambia nimshikie kitambaa.

Sasa Jumanne na Alhamisi jioni tunasoma pamoja, Kiingereza na hesabu za biashara. Siku hizo napika mimi, na maji nachota mimi. Vijana wa bombani walicheka siku tatu, wakachoka. Je, hii inafidia? Hapana. Miaka ile haina mahali pa kurudi. Na kuna Alhamisi haji kwa sababu ana mteja. Namngoja, chakula kinapoa, na siwezi kumnung'unikia. Yeye aliningoja zaidi.