Meno Meusi ya Wajapani

Wajapani ni watu washikao sana mila zao. Mgeni huvua viatu mlangoni. Watu huamkiana kwa kuinama. Kabla ya kula hutamka neno la shukrani. Hayo hata mzee wa Nyamwaga angeyasifu.

Lakini zamani mwanamke wa huko aliyeolewa alipaka meno yake rangi nyeusi, iliyotengenezwa kwa vipande vya chuma vilivyolowekwa katika siki. Ndio uliokuwa uzuri, tena alama ya mke. Mwaka 1870 serikali iliwakataza wakubwa desturi hiyo. Mwaka 1873 mke wa Mfalme Meiji alitokea mbele ya watu na meno meupe, na wanawake wakamfuata, polepole. Je, Ujapani ulikufa? Hata leo watu huinama.

Twawaandikia haya wazazi wa Kikurya, kwa maana twaambiwa kwamba binti asipokeketwa kabila limekwisha. Rangi ya meno haikumwaga damu. Kisu humwaga, na mabinti wengine hawakuinuka tena. Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, ifikapo Desemba, wako wanaokimbilia kituo cha Masanga, humo humo Tarime, wasikatwe. Kule alianza mama mwenye cheo. Huku ataanza nani: bibi, au mke wa mwenye mji?