Kesho Nitakula Nini?

Miongoni mwa maswali ambayo mwalimu wa dini huulizwa na ndugu waliokubali Uislamu, liko moja lisilopatikana katika vitabu vya mabishano. Mtu amekwisha ridhika kwamba Mungu ni Mmoja na kwamba Mtume Muhammad s.a.w. ni wa kweli. Lakini nyumbani baba amekwisha tamka kuwa shamba si lake tena, na mjomba aliyekuwa akimlipia ada ya shule amenyamaza. Ndipo huuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kesho nitakula nini?" Nasema wazi kwamba swali hili ni zito kuliko mengi ya Utatu na Kafara. Na yule amwambiaye mwenziwe amtegemee Mungu, kisha akaenda zake kula chakula chake, hajajibu kitu.

Swali hilo hilo lilimpata Seyyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa. Mwezi wa Juni 1876 baba yake, Mirza Ghulam Murtaza, alikuwa mgonjwa huko Qadian, katika Punjab. Seyyidna Ahmad a.s. mwenyewe ameeleza kwamba alipashwa habari na Mwenyezi Mungu kuwa msiba utatokea baada ya kutua jua. Kwa ubinadamu likampitia wazo: sehemu kubwa ya riziki ya nyumba hii inatokana na baba, akifariki, itakuwaje? Hakuona haya kulieleza wazo hilo, basi nasi tusione haya kuwa nalo. Papo hapo akafunuliwa maneno yaliyomo katika Sura Az-Zumar, yanayouliza kama Mwenyezi Mungu hamtoshi mtumwa Wake. Baba akafariki baada ya jua kutua. Ndipo Seyyidna Ahmad a.s. akamtuma Mhindu mmoja wa Qadian, Lala Malawamal, aende Amritsar ili maneno yale yachongwe katika jiwe la pete, ambayo gharama yake ilikuwa rupia 5. Hivyo asiye Mwislamu naye akawa shahidi wa jambo lile. Pete hiyo hata leo huvaliwa na Khalifa.

Sasa tuangalie jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita mbio. Siku ya pili yake hakuamka akakuta mfuko wa fedha mlangoni. Usimamizi wa mali uliangukia mkononi mwa ndugu yake mkubwa hata ndugu huyo alipofariki mwaka 1883, na kwa muda wote huo Seyyidna Ahmad a.s. aliishi maisha ya kadiri sana. Makundi ya wageni waliolishwa Qadian yalikuja baadaye. Aliyoahidiwa siku ile hakukabidhiwa yote kwa pamoja, bali alipewa ya kila siku kwa siku yake.

Lakini atasema mtu: wako waliomtegemea Mungu wakalala na njaa. Ni kweli, wala haifai kuficha. Katika bonde la Abu Talib, Mtume Mtukufu s.a.w. na jamaa zake walitengwa na Makureshi kwa muda wa miaka 3 hivi, hata wakala majani ya miti, na kilio cha watoto kikasikika nje ya bonde. Je, Mungu hakuwatosha? Kama kutosha maana yake ni kujaa ghala, basi hakuwatosha. Lakini Makureshi walitaka kitu kimoja tu, yaani Mtume s.a.w. atolewe mikononi mwao, na kitu hicho hawakukipata. Kila jua lililotua bila ya kumtoa, ilikuwa siku waliyotoshelezwa.

Wasiwasi humtaka mtu abebe leo uzito wa siku ambayo nguvu zake hajapewa bado. Tazama Sala zetu: ni tano, kila moja na wakati wake, na hakuna aliyeruhusiwa kusali leo adhuhuri ya kesho, hata awe mcha Mungu namna gani. Kwa nini basi tujaribu kuifanya leo njaa ya kesho?

Wala hii si ruhusa ya kukaa kivulini. Bedui mmoja alipouliza kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu, Mtume s.a.w. alimwamuru amfunge kwanza, kisha ategemee. Kumfunga ngamia ni kazi ya dakika chache. Kukesha usiku kucha ukiitazama kamba, hilo hukuamrishwa.

Basi yule ndugu nimjibu nini? Kwanza aketi tule, maana chakula cha leo kipo, na huenda mimi ndimi niliyewekwa njiani kwake kwa ajili hiyo. Jumuiya isiyojiona hivyo isihubiri habari za kutegemea. Asubuhi tutatoka pamoja kutafuta kibarua au kipande cha ardhi cha kukodi. Na akipita karibu na nyumba ya baba yake, aingie amwamkie kwa adabu kama alivyokuwa akimwamkia siku zote, kwa kuwa Kurani Tukufu imeamuru wema kwa wazazi hata wakiwa si waaminio. Asimwulize habari za shamba. Amjulie hali tu, na kama kuni hazijapasuliwa, azipasue.